Kiota cha Upande wa Kushoto

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Rula, na jina hilo alipewa na wateja wenyewe, kabla hata hajaota mvi, kwa sababu mshono wake ulinyooka kama uliopigwa rula. Suruali yake ungeivaa miaka mitano, ikachakaa magoti, ikapauka makalio, lakini mshono wa pembeni ungebaki pale pale alipouacha. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akiingia, alimtazama mara moja tu, kutoka mabegani hadi visiginoni, kisha akachukua tepu ya kupimia kwa adabu, mtu asije akadhani anabahatisha.

Alifanyia kazi chumba cha nyuma cha nyumba yake. Humo mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, misumari ya kutundikia nguo zilizokwisha, na dirisha pana lililotazama uani. Uani palikuwa na karo la kufulia, kamba ya nguo, na mti mmoja, mchenza. Aliununua ungali mche wa kubebeshwa, mchenza juu na shina la mlimau-mwitu chini, mwembamba kama fimbo ya mchungaji, mwaka ule alipohamia na mkewe. Machenza yake yalikuwa na ganda jepesi, unaligusa tu linabanduka, na maji yake yalitiririka mpaka kwenye viwiko.

Mkewe alikuwa Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti wawili waliokuja kwa mpigo mmoja na ambao sasa wameolewa mbali, kila mmoja na mji wake. Mama Pacha alikuwa mpishi wa shule. Aliondoka alfajiri, akarudi alasiri akinuka moshi na vitunguu, mikono imekomaa kwa kukoroga masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za wanafunzi mia nne, na hata akinong'ona, jirani alisikia.

Macho ya Fundi Rula hayakuharibika siku moja. Yaliondoka kama mgeni mwenye haya, kimya kimya, yakianzia pembeni. Kwanza vikombe. Kila kikombe kilichowekwa upande wake wa kushoto kiliishia sakafuni. Halafu fremu za milango zikaanza kumpiga bega. Halafu siku moja kipande cha uzi kikamwingia jicho la kulia, akalifumba ili alisugue, na chumba kizima kikapotea. Aliinua kichwa kutazama dirisha. Kwa jicho la kushoto peke yake, dirisha lilikuwa weupe hafifu, kama taa nyuma ya gunia.

Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya kitambaa, mpaka pasi ikapoa.

Alijua ni nini. Baba yake mdogo aliingiwa na jambo hilo hilo akiwa na umri kama wake, akamaliza miaka kumi na minane kwenye kiti barazani, akihamishwa kufuata kivuli kama mtungi wa maji ya kunywa. Watu walikuwa wakizungumza juu ya kichwa chake. "Ameshakula huyu?" wanaulizana, naye yupo pale, anasikia. Fundi Rula alikuwa kijana wakati huo, na ndiye aliyemhamishia kile kiti mara nyingi. Kwa hiyo hakwenda hospitali. Hospitali wangempa jina la ugonjwa, na ugonjwa ukishakuwa na jina, unakaribishwa kiti. Alinyamaza. Akajifunza kugeuza kichwa, kuhesabu hatua, kutunga uzi kwenye sindano kwa ulimi na ncha ya kidole. Akapitisha hivyo mwaka, na mwaka wa pili ukaingia.

Kila asubuhi, mkewe akishaondoka, alisimama dirishani akaupima mchenza kwa jicho lake la kulia. Nikiyaona majani, alijiambia, bado nipo. Na majani aliyaona, ya kijani, yanang'aa, katikati ya duara dogo la dunia lililobaki.

Mpaka mchenza ulipoanza kuwa mweusi.

Haukuwa mweusi kwa mara moja. Mwanzoni alidhani ni mawingu. Baada ya wiki aliona kijani kimefifia. Baada ya wiki ya pili mti ulikuwa kama picha iliyomwagiwa chai, na yeye akajua kwamba sasa na la kulia limeanza. Siku hiyo hakushona. Aliegemea meza ya kukatia, akijiuliza mtu huanza vipi kumwambia mkewe jambo kama hilo.

Karibu na saa sita akatoka uani. Hakujua anafuata nini. Labda alitaka kuushika ule mti angali anaweza kuuona. Akapapasa tawi, akakamata jani, akalileta hadi puani. Lilinata. Alilisugua kwa kidole gumba, na kidole kikatoka cheusi kama kilichopita chini ya sufuria. Mahali aliposugua palikuwa pa kijani.

Akasugua la pili. La tatu. Yote yalikuwa na masizi juu, kijani chini.

"Si macho," alisema kwa sauti. "Ni mti!"

Akacheka peke yake uani, kidole kimeinuliwa mbele ya uso. Jirani yake, fundi bomba, aliyekuwa juu ya ngazi akirekebisha tangi lake la maji, alichungulia juu ya ukuta.

"Fundi, unaongea na nani?"

"Njoo unitazamie huu mti. Una nini?"

Fundi bomba hakuwa mtu wa kukataa mwaliko. Alizunguka, akaingia kwa lango, akainama chini ya matawi. "Yarabi! Mti wako umekuwa hoteli. Wageni wote wamelala hapa isipokuwa mimi." Akageuza jani. "Ona hawa weupe kama pamba. Wanafyonza maji ya mti, halafu wanakojoa sukari. Sukari inaota masizi. Na hawa sisimizi, ona foleni yao, wanawachunga wale weupe kama ng'ombe. Wanakamua. Wana akili kuliko baraza la mtaa."

"Na dawa yake?"

"Sabuni. Zuia sisimizi wasipande. Ukishindwa ndipo ununue ya dukani." Akanyoosha kidole upande wa ukuta. "Ila hao nyigu pale waache. Kiota chenyewe kidogo, kama kisosi. Wanakula viwavi, hao ni askari wako."

"Wako wapi?"

"Si hao hapo! Mbele ya pua yako."

"Aa," alisema Fundi Rula, akitazama anga. "Nimewaona."

Alijua vizuri kwamba masizi ya majani hayamponyi mtu jicho. Kikombe kilichovunjika juzi hakikuvunjwa na wadudu. Lakini mfa maji hukamata hata povu, naye alilikamata kwa mikono miwili. Kama mti ndio uliokuwa ukifa, basi yeye hafi. Na kama angeusafisha, kesho yake asubuhi angesimama dirishani akaona kijani, na mambo yote yangerudi nyuma kidogo, angalau mpaka machenza yaive.

Basi akaanza vita. Alichemsha maji, akayeyusha sabuni ya kipande, akachukua vitambaa vilivyobaki mezani, akaosha mchenza jani kwa jani kama anayeogesha mtoto mgonjwa. Vidole vyake viliona vizuri kuliko yeye. Viliwapata wale weupe kwenye makutano ya vijiti, laini kama ukoko wa uji, na alipowaponda walitoa maji yaliyonata. Alifunga kitambaa kwenye shina, akakipaka grisi aliyopewa na fundi bomba, na sisimizi wakagota pale wakizunguka. Kutwa alikuwa chini ya mti. Nguo za watu zililala mezani. Wateja walipopiga hodi, aliitika kutoka uani, "Kesho!" na kesho ikawa hivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba mti ulitakata nusu. Upande wa kulia majani yaling'aa. Upande wa kushoto, ule wa ukutani, masizi yalizidi, wadudu wakashikamana mpaka vijiti vikavimba, majani yakajikunja kama sigara. Yeye hakujua. Alipofika mwisho wa kile alichokiona, alijua amemaliza.

"Mbona huku hupagusi?" Mama Pacha aliuliza jioni moja, akianua nguo. "Au umegawana na wadudu?"

"Nitapafikia," alisema, akageuka haraka, akaupiga mguu wake kwenye karo.

Mama Pacha alimtazama akichechemea kurudi ndani.

Wiki iliyofuata gunia likarudi nyumbani. Lilikuwa la kaptula za shule alizozishona kabla ya vita vya mti, sare ya darasa la kwanza, kazi ambayo Fundi Rula alikuwa akipewa kila mwaka tangu mkewe aanze kupika pale. Mwalimu mkuu alimwita Mama Pacha kutoka jikoni, mbele ya walimu, akamfungulia gunia. Mama Pacha alilibeba kichwani njia nzima. Alipofika chumba cha nyuma alilimwaga juu ya meza ya kukatia.

"Baba Pacha, hebu nieleze. Hii mifuko watoto wataingizaje mikono, nawe umeishona mdomo?"

Fundi Rula alichukua kaptula moja, akaipapasa. Kweli, mfuko ulikuwa umefungwa. Akapapasa nyingine. Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa vidole viwili. Mshono wa katikati ulikwenda ukienda, halafu ukakata kona kama mbuzi aliyeona majani.

"Watoto walicheka," alisema Mama Pacha. Sauti yake ilikuwa chini, na kwa mara ya kwanza jirani asingeisikia. "Wamezivaa, wakachekana. Nimesimama pale na mwiko mkononi. Baba Pacha, unajigonga milango. Vikombe vimekwisha, tunakunywa chai kwa bakuli. Juzi umempita dada yangu njiani, umempiga kikumbo, hukumsalimu. Nikikusemesha unatazama ukuta. Siku hizi nashinda nikinusa mashati yako. Niambie kweli tupu. Unakunywa?"

Maishani mwake Fundi Rula aliwahi kuonja pombe mara moja, kwenye harusi, akatapika kwenye chungu cha maua cha bibi harusi. Alifungua mdomo kukataa. Kisha akaona, kwa namna yake ya kuona siku hizo, mlango umefunguka. Ulevi mtu anauacha. Mlevi anaapa, analia, anasamehewa, anarudi mezani pake. Upofu hauna toba.

"Ndiyo," alisema.

Mama Pacha alishika ukingo wa meza. "Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Pombe gani?"

Hilo hakuwa amelifikiria. "Zozote," alisema.

Siku zile zilizofuata Mama Pacha aliipekua nyumba. Alitazama chini ya godoro, kwenye droo za cherehani, ndani ya magunia ya vipande vya nguo, mpaka kwenye tangi la choo. Hakupata chupa wala kifuniko. Alipolala alisogeza pua karibu na mdomo wa mumewe, na hakupata harufu ila ya dawa ya meno. Akaamua kwamba ameolewa na mlevi hodari. Chakula alimwekea mezani, akafunika, akaondoka. Mahali pa "Baba Pacha" pakawa na "wewe".

Fundi Rula alikula peke yake. Alikuwa amejiokoa, na wokovu wenyewe ulikuwa mchungu kama shubiri. Jioni alimsikia mkewe akizungumza na dada yake nje ya lango, akikatiza maneno kwa kupenga kamasi. Akawaza kwamba hata mti tu, Mungu wangu, hata huo mti mmoja tu upone, nitakuwa nimefanya jambo moja la mtu mzima.

Akaenda duka la pembejeo, mkono ukifuata kuta. Binti wa dukani alimpa chupa akamweleza: kifuniko kimoja kwa bomba moja la kupulizia lililojaa maji, hii yenye utepe mwekundu, baba, vaa kitu puani. Aliibeba nyumbani akaiweka chini ya karo. Alisahau, au hakuwahi kujua, kwamba chini ya karo palikuwa na chupa nyingine ya umbo lile lile, mpya, yenye utepe wa kijani, ambayo Mama Pacha aliinunua kwa ajili ya majani yanayoota kwenye mtaro.

Asubuhi alijifunga kitambaa puani, akaazima bomba la kupulizia la jirani, akainama chini ya karo. Mkono wake ulikuta chupa mbili. Akatoa moja, akaipeleka juani, akaisogeza jichoni mpaka ikamgusa kope. Utepe ulikuwa na rangi ya giza. Maandishi makubwa yalikuja moja moja: D, A, W, A. Kisha Y, A. Kisha mstari ukamkimbia. Akachukua ya pili. DAWA YA. Zote mbili zilianza hivyo.

Ng'ambo ya ukuta fundi bomba alikuwa akipiga mluzi. Kumwita ilikuwa neno moja tu. "Jirani, nisomee hii." Fundi Rula alifungua mdomo kumwita, akaufunga. Mtu mzima, fundi, anasomewa chupa? Angeulizwa kwa nini. Akaipima chupa moja mkononi, akaipima ya pili, akachagua ile aliyodhani ni nzito zaidi.

Alipulizia vizuri kuliko kazi yoyote aliyofanya mwaka ule. Alizunguka mti mkono mmoja ukiwa kwenye shina, ili asiache upande; nyigu, kwa baridi ya asubuhi, hawakutoka kiotani. Majani yalidondosha matone, naye akasikia yanavyodondoka, akatabasamu nyuma ya kitambaa.

Siku ya tatu majani yalikuwa na madoa kama yaliyochomwa na pasi. Siku ya tano yalianguka. Machenza machanga, makubwa kama gololi za kuchezea watoto, yaliachia moja baada ya jingine, na kila lilipopiga sakafu ya saruji Fundi Rula, akiwa ndani kwenye cherehani, alishtuka.

Fundi bomba aliingia kuchukua bomba lake akakuta hali hiyo. "Fundi! Umeupulizia nini?"

"Dawa."

"Dawa ipi? Lete nione."

Akaletewa. Akaigeuza juani. "Ndugu yangu," alisema fundi bomba, taratibu, "hii ni ya magugu. Ya kuua majani. Si imeandikwa hapa, kubwa hivi?"

Mama Pacha alikuwa kwenye kamba ya nguo, shuka mkononi.

"Nilikuwa nimelewa," alisema Fundi Rula.

"Wewe?" Fundi bomba aliangua kicheko, akamtazama Mama Pacha ili wacheke pamoja, akakuta hakuna anayecheka. Akalibeba bomba lake akaenda zake. Mama Pacha alitundika lile shuka, akalinyoosha pembe zote nne, akaingia ndani akajifungia chumbani. Hakulia. Fundi Rula alisimama nje ya mlango, sikio limebanwa kwenye ubao, akisubiri walau asikie analia.

Mti ulipobaki vijiti, kile kiota kilibaki wazi. Hakikuwa kisosi tena. Kilikuwa kama sahani ya wali, cha rangi ya majivu, kimening'inia kwenye tawi la kushoto usawa wa kichwa cha mtu, nyigu wamekifunika wakitikisa mabawa. Kila aliyeingia uani alikiona akapita mbali. Hakuna aliyemwambia Fundi Rula. Nani anamwambia mtu kwamba jua limewaka?

Jumamosi, mchana mweupe, Fundi Rula alitoka na kisu kidogo. Alitaka kukwangua gome aone kama chini bado kuna ubichi. Mama Pacha alikuwa kwenye ngazi ya jikoni, sinia la mchele mapajani, akichambua. Alimwona mumewe akitembea, mwendo wa kawaida, macho wazi, uso umeelekea mbele, akienda moja kwa moja kwenye kiota kama anayekwenda kumsalimia mtu. Alidhani atakwepa. Hatua mbili zikabaki, bado alidhani atakwepa.

"Nyigu!" alipiga ukelele. "Baba Pacha, kushoto!"

Naye, kusikia kushoto, akageuza kichwa kushoto ili aone. Uso wote ukaingia.

Mchele ulimwagika uani. Mama Pacha aliruka, akang'oa shuka kwenye kamba, akamfunika mumewe kichwa na mabega, akamburuta ndani kama gunia la mkaa, nyigu wakimchoma mikono yeye pia. Akapiga mlango teke. Akawatoa waliobaki kwenye nywele, mmoja mmoja, akiwaponda kwa ndala. Alimlaza sakafuni chumba cha nyuma, akamwekea vitambaa vya maji baridi. Shingo, masikio, midomo, vyote vilikuwa vinaumuka kama mkate. Kope zilivimba mpaka zikafunga.

Katika giza lile Fundi Rula alikuta kitu ambacho hakukitarajia. Alipumzika. Kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili hakulazimika kujifanya anaona.

"Unapumua vizuri?" Mama Pacha aliuliza.

"Napumua."

Alikamua kitambaa, akakirudisha. Akakaa. "Kile kiota," alisema, "mtoto wa miaka mitatu angekikwepa. Kuku angekikwepa. Nimekuwa nakutazama tangu ulipotoka mlangoni. Hukuyumba. Hukuwa na harufu. Nimekunusa mwezi mzima, Baba Pacha, huna harufu. Hukukiona?"

Midomo ilikuwa mizito. "Sikukiona."

"Na kabla? Na zile kaptula?"

"Sikuziona."

"Na mimi?"

"Wewe nakuona ukiwa katikati," alisema. "Ukisogea unapotea."

Kitambaa kilianguka sakafuni, chapwi.

Uvimbe ulipopungua alimpeleka hospitali mwenyewe, amemshika juu ya kiwiko, mshiko wa mtu anayepeleka mwizi kituoni. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mpole, aliyezoea kutoa habari mbaya kwa siku nzima. Alimwangazia taa, akampima presha ya macho, akamfanya abonyeze kitufe kila alipoona nukta ya mwanga. Fundi Rula alikaa pale akisubiri nukta. Ukimya ulikuwa mrefu mno kati ya moja na nyingine, akajua kwamba nukta zinapita na haziji kwake.

"La kushoto limekwenda, baba," alisema daktari. "La kulia limebaki tundu la katikati. Kilichopotea hakirudi, nisikudanganye. Kuna matone, utaweka kila siku maisha yako yote, tukijitahidi tushike hicho kilichobaki. Ungekuja miaka miwili iliyopita..." Hakumaliza, akaandika.

Njiani Mama Pacha hakukiachia kile kiwiko mpaka walipofika kona ya mtaa wao. Hapo akasimama katikati ya barabara, watu wakipita.

"Ulitaka niishi na mlevi kuliko kuishi na kipofu?"

"Mlevi anaweza kuacha."

"Mficha maradhi! Mwezi mzima nimekuwa nikimwomba Mungu akuondolee pombe. Nimemsumbua Mungu kwa kitu ambacho hakipo!" Akafuta uso kwa kiganja. "Ningekuleta hapa. Ningekubeba mgongoni. Hicho alichosema daktari, miaka miwili, hiyo miaka umeninyima mimi, si wewe peke yako."

Kweli ilikuwa hiyo, na haikuwa na upande wa pili.

Siku nne hakumsemesha. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila jioni, alimshika kidevu, akakiinua, akavuta kope, akatia tone. Mikono yake ilikuwa na hasira na tone liliingia panapotakiwa. Siku ya tano alisema, "Usipepese," na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza.

Shule ilitoa kazi ya sare kwa fundi mwingine. Fundi Rula aliwaita wateja wake wa siku nyingi, akawarudishia vitambaa vyao ambavyo havijakatwa, na kila mmoja alimweleza mwenyewe, kwa mdomo wake: sioni. Wengine walimshika mkono. Mmoja akaanza kumsemesha kwa sauti ya juu, kana kwamba na masikio yamekwenda.

Nyigu walichomwa na fundi bomba kwa mwenge wa matambara, naye alikuwa akiomba radhi wakati wote huo, haikujulikana ni kwa nyigu au kwa jirani yake. Mchenza wakaukata hadi usawa wa goti. Baada ya mvua uliota machipukizi chini ya pale ulipobebeshwa. Fundi Rula aliyapapasa akachomwa: yalikuwa na miiba mirefu. Fundi bomba akamweleza kwamba kilichokufa ni mchenza wenyewe, na kilichofufuka ni ule mlimau-mwitu wa chini uliokuwa ukiubeba. Utazaa, ndiyo, lakini matunda yake hata mbuzi hali. Fundi Rula aliomba uachwe siku chache, halafu akaomba ung'olewe, halafu hakuuzungumzia tena.

Kulikuwa na majuma ambayo hakutoka kitandani isipokuwa kwa ajili ya matone. Mama Pacha alikuwa akimkuta alasiri amelala vile vile alivyomwacha alfajiri, amegeukia ukuta, na chakula hakijaguswa. Hakumbembeleza. Shule zilipofungwa akawa nyumbani kutwa, na siku ya pili ya likizo akaingia chumba cha nyuma, akafungua dirisha, akapiga vumbi cherehani. Akarudi chumbani.

"Amka. Nataka unifundishe kukata."

"Wewe? Na hiyo mikono ya kukorogea?"

"Hiyo hiyo."

Aliamka kwa sababu alikuwa amechoka kulala. Alikaa kwenye kiti karibu na meza, akamwelekeza namna ya kutandaza, namna ya kufuata uzi wa kitambaa, mahali pa kuanzia chaki. Mama Pacha aliuliza kila kitu mara mbili. Alishika mkasi kama anayetaka kuchinja. Alianza kukata mguu wa suruali, ulimi umetoka pembeni, na chumba kikajaa mlio wa mkasi ukitafuna kitambaa.

"Simama," alisema Fundi Rula.

"Nini?"

"Umetoka nje ya chaki. Hapo nyuma kidogo."

Mama Pacha akainama kutazama. Kweli, alikuwa ametoka, kwa upana wa ukucha. "Umejuaje, nawe umetazama huko?"

"Nimesikia. Mkasi ukipinda unalia."

Alimtazama mumewe, kisha kitambaa. "Basi kimeshaharibika."

"Kimeharibika," alikubali. Akanyoosha mkono kwenye rafu iliyokuwa nyuma yake, akapapasa, akavuta kipande kingine cha kaniki ya majaribio, akakisukuma mbele yake juu ya meza. "Kata hiki."